Pimbi na Ndizi Iliyogeuka Shamba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiamka alfajiri na kwenda kazini kama baba zenu na mama zenu, palikuwa na bonde lililoitwa Mchongoma. Miaka mitatu mfululizo kiangazi kilikuwa kimelichapa bonde lile. Wakazi wake walifika hatua ya kulamba umande kwenye majani. Mwaka wa nne wakasema, "Basi! Tujenge lambo. Mvua ikija, maji yabaki kwetu."

Wakaziba koo la mto kwa ukuta wa mawe na udongo wa kichuguu. Ukuta mrefu, mnene, ambao kila mgeni aliyepita alisimama akasema, "Aaa! Hawa wamefanya kazi."

Mkuu wa Kazi alikuwa Tembo. Chini yake alikuwepo Kifaru, msimamizi, mwenye pembe kali na hasira kali kuliko pembe. Chini ya Kifaru alikuwepo Nyati, nyapara wa wabeba mawe. Chini ya Nyati alikuwepo Nyani, tarishi, mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Na chini ya hao wote, chini kabisa, alikuwepo Pimbi.

Msimcheke Pimbi, wanangu. Ni kweli alikuwa mdogo. Tembo angeweza kumkanyaga akadhani amekanyaga kokoto. Lakini Pimbi alikuwa mkaguzi wa mawe, na nyayo zake zilikuwa laini, zenye unyevunyevu, zinazong'ang'ania mwamba kama gundi. Jiwe likicheza, nyayo zilimwambia. Jiwe likipata ubaridi usio wake, nyayo zilimwambia. Mama yake alikuwa mwangalizi wa mawe, na bibi yake kabla ya mama. Kila asubuhi Pimbi aliutembea ukuta mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, kichwa juu, kama mwenye mali akikagua mali yake.

Sasa, kazini pale palikuwa na sheria moja: mdogo hasemi na mkubwa. Neno la Pimbi lipite kwa Nyani, Nyani ampe Nyati, Nyati ampe Kifaru, Kifaru amfikishie Tembo. Na Tembo hakupenda habari mbaya. Siku moja Ngiri alimwambia kwamba mpini wa jembe kubwa umevunjika. Tembo alipiga baragumu la hasira, "Pruuuu!" Ngiri akabebeshwa mawe peke yake mwezi mzima, na jembe hakulivunja yeye. Tangu siku hiyo kila mmoja akajifunza kuuchunga mdomo wake.

Asubuhi moja, baada ya mvua za kwanza, Pimbi alikuwa anapita upande wa mashariki wa ukuta, karibu na jiwe moja kubwa jeusi. Nyayo zake zikashtuka. Ubaridi! Akainama, akanusa. Akaweka sikio. Ndani ya ukuta akasikia sauti ndogo: si, si, si, si.

Akajua ni maji, yanapenya kwenye ufa. Lakini akakumbuka yaliyompata Ngiri, akaona heri aseme kwa ulaini.

"Kaka Nyani," alisema, "mwambie Mkuu kwamba huku ukutani pana jasho kidogo."

"Jasho tu?" aliuliza Nyani.

"Jasho tu."

Nyani akaenda, pata, pata, pata! Adhuhuri akarudi ametabasamu hadi masikioni. "Dada Pimbi, Mkuu amefurahi sana! Amesema anawapongeza nyote kwa jasho mnalomwaga. Endeleeni kumwaga!"

Pimbi akaketi juu ya jiwe, akajikuna. Akajiambia, "Hili kosa ni langu. Niliogopa, nikazungusha maneno. Ufa nikauita jasho. Nani angenielewa?"

Kesho yake alirudi pale kwenye jiwe jeusi. Ufa ulikuwa umekua. Sasa angeweza kuingiza ukucha. Akashuka mbio kwa Nyani, na safari hii hakuzungusha kitu.

"Sikiliza vizuri. Ukuta una ufa. Uko upande wa mashariki, kwenye jiwe jeusi. Maji yanapita. Mkuu aamuru mfereji wa pembeni ufunguliwe maji yapungue, ufa uzibwe, na wanaokaa bondeni wahame leo. Umesikia?"

"U... ufa?"

"Ufa."

"Mashariki?"

"Mashariki! Nenda!"

Nyani akaenda, lakini miguu yake leo haikuwa myepesi. Pata... pata... pata. Pimbi alingoja. Jua lilipanda, jua likashuka. Hatimaye Nyani akarudi akipiga vidole, tap, tap, kama anayetoka harusini.

"Mkuu amefurahi kupita jana!"

"Amefurahi? Na ufa?"

"Amesema urembo mlioweka upande wa mashariki umempendeza. Kama mnaweza, muweke na upande wa magharibi."

"Urembo!" Pimbi alipiga ukelele. "Ulimwambia Nyati nini, wewe?"

Nyani akatazama pembeni. "Dada, Nyati ana pembe mbili. Nilisema... nilisema kuna mstari."

Pimbi hakungoja zaidi. Akakimbia mwenyewe hadi chini ya mgunga, ofisini kwa Tembo. Mlangoni alisimama Kifaru.

"Shikamoo, Msimamizi. Nina neno la haraka kwa Mkuu."

Kifaru akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nani anasema?"

"Mimi. Huku chini. Ukuta..."

"Phwooo!" Kifaru alipuliza kwa pua, Pimbi akabiringika, biri, biri, biri, hadi kwenye majani. "Kila neno lina njia yake! Rudi kwa Nyani!"

Pimbi akainuka, akajipangusa vumbi. Machozi yalimlengalenga, lakini hakuyaruhusu kutoka. Akateremka bondeni, kwa Mama Kanga, aliyejenga kibanda chake chini kabisa ya ukuta. Mama Kanga alikuwa anakoroga uji, na vifaranga wake kumi na wawili wamemzunguka, piyo, piyo, piyo.

"Hodi, Mama Kanga!"

"Karibu, mwanangu. Keti upate uji."

"Siketi, Mama. Hama leo. Ukuta una ufa."

Mama Kanga akaweka mwiko chini. "Mbona umenitisha? Mpiga mbiu wa Mkuu amepita hapa sasa hivi. Katangaza kuwa ukuta ni mzima na umetiwa urembo. Nimwamini nani, mwanangu? Niwatoe watoto wadogo kwenye joto niwapeleke kwenye mwamba, kwa neno la mtu mmoja?"

Pimbi akawatazama vifaranga wale. Mmoja alikuwa amesimama ndani ya bakuli la uji, anakula huku anaoga. Mbali, juu ya milima, mawingu meusi yalikuwa yamekaa kama sufuria zilizopangwa jikoni. Maji ya huko yangefika kesho.

Akarudi ukutani, akaketi, akafikiri. Akafikiri hasa. Watu wale hawakuwa viziwi. Masikio ya Tembo ni makubwa kuliko mlango. Shida ilikuwa njiani. Nyani aliogopa, akapunguza. Nyati aliogopa, akapunguza. Kifaru alitaka kusifiwa, akaongeza.

"Ahaa!" Pimbi akasimama wima. "Neno baya wanalipunguza hadi linaisha. Na neno zuri, je? Neno zuri watalifanyaje?"

Akacheka, hi, hi, hi, peke yake juu ya ukuta.

Asubuhi akachukua ndizi yake ya chakula cha mchana. Ndizi moja, mbivu, yenye madoa meusi. Akaenda nayo kwa Nyani.

"Kaka Nyani, leo nina neno tamu. Mwambie Mkuu: Pimbi ana ndizi moja ya kumpa. Iko chini ya ukuta, upande wa mashariki, kwenye jiwe jeusi. Aje mwenyewe kuipokea kabla jua halijafika utosini."

Nyani akaitazama ndizi, akalamba midomo. "Neno hili nalipenda! Hili halina teke." Akatoka mbio, patapatapata, hata vumbi likabaki nyuma likimtafuta.

Pimbi akaenda kwenye jiwe jeusi. Ufa sasa ulimeza mkono wake mzima. Maji ya mlimani yalikuwa yameanza kufika, lambo limevimba, na ndani ya ukuta sauti haikuwa tena si, si, si. Ilikuwa shwaa, shwaa. Akaikumbatia ndizi yake. "Njoo, Mzee," alinong'ona. "Njoo haraka."

Jua likapanda. Kimya. Jua likapanda tena. Pimbi akaanza kuogopa kwamba amekosea hesabu ya tamaa yao.

Mara, ndi! ndi! ndi! Ngoma!

Tazameni, wanangu! Msafara ulikuwa unashuka kilimani. Mbele Tembo, amevaa taji la majani mabichi. Nyuma yake Kifaru, amejipaka tope jipya hadi anang'aa. Nyuma yake Nyati, akipiga ngoma, na nyuma kabisa Nyani, amebeba magunia sita matupu.

Pimbi akashusha pumzi, akajikaza, akasimama juu ya jiwe jeusi.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba!" alisema Tembo kwa furaha, mkonga juu. "Haya, Pimbi! Liko wapi shamba langu?"

"Shamba gani, Mzee?"

"Shamba la migomba! Nimeambiwa wafanyakazi wote mmenipa shamba zima la migomba, mstari kwa mstari, linaanzia hapa kwenye jiwe jeusi."

Pimbi akaitoa ndizi mgongoni, akainyoosha kwa mikono miwili. "Zawadi yangu ni hii, Mzee."

Ngoma ikakatika. Tembo akainamia ndizi ile. Ilikuwa ndogo kuliko kope lake.

"Pruuuu!" Ndege wote wakaruka. "Unanifanyia mzaha? Nimetembea jua lote hili kwa ndizi moja?"

Nyayo za Pimbi zilikuwa zimeshika jiwe, na jiwe lilikuwa linatetemeka. Akasema kwa sauti ambayo hakujua kama anayo:

"Mzee, sikukudanganya. Nilituma neno moja: ndizi moja, jiwe jeusi, uje mwenyewe. Waulize waliolibeba."

Tembo akageuka. "Nyani! Uliambiwa nini?"

Nyani akajificha nyuma ya magunia. "Ndizi moja, Mkuu. Lakini niliona ndizi moja ni aibu. Nikamwambia Nyati, chane."

"Nyati!"

Nyati akakwangua ardhi kwa kwato. "Chane moja kwa Mkuu mzima? Nikaona haifai. Nikasema mkungu."

"Kifaru!"

Kifaru akakohoa. "Mkungu lazima utoke kwenye mgomba, Mkuu. Na mgomba haukai peke yake. Nikaona nikuletee habari yenye uzito. Nikasema shamba."

Nzi angekohoa angesikika.

Pimbi akapiga hatua moja mbele. "Mzee, ikiwa ndizi moja imepita midomo mitatu ikawa shamba, basi nakuuliza: ufa wangu ulikufikia ukiwa nini?"

"Ufa?" Masikio ya Tembo yakatulia. "Ufa gani?"

"Ufa niliokutumia jana. Ukuta una ufa, maji yanapita, watu wa bondeni wahame."

"Mimi nimeambiwa urembo!"

Tone! Tone la maji likamdondokea Tembo kwenye paji la uso. Tone! La pili. Tembo akainua macho polepole, akaiona njia nyeusi ya maji imeukata ukuta kutoka jiwe jeusi hadi juu. Kabla hajasema neno, jiwe dogo likachomoka, pwaa, na maji yakaruka kama mshale, chwiiiii!

"Mama yangu!" alilia Nyani.

Tembo hakupiga baragumu. Aligeuka, akaupa ukuta mgongo wake wote, akajikita miguu minne. "Nimeushika!" alinguruma. "Pimbi! Wewe unaujua ukuta huu. Sema, sisi tufanye!"

Ah, wanangu, laiti mngemwona Pimbi saa ile! Alikwea bega la Tembo, akasimama juu ya kichwa chenye taji la majani. Maneno yake yalitoka moja moja, mafupi, makavu.

"Nyati! Mawe kumi ya kilimani, uyalete hapa kwenye jiwe jeusi. Nimesema nini?"

"Mawe kumi, jiwe jeusi!"

"Ndiyo! Kifaru! Gogo linaloziba mfereji wa pembeni upande wa magharibi, ling'oe. Nimesema nini?"

"Gogo la mfereji, magharibi, nang'oa!"

"Ndiyo! Nyani! Nenda kwa Mama Kanga. Mwambie ukuta una ufa, Mkuu mwenyewe ameuona, apande mwambani na watoto wote sasa hivi. Nimesema nini?"

Nyani akababaika. "Kwamba... kwamba ikiwezekana, akipata nafasi, apande..."

"Hapana!" Pimbi alifoka. "Usimpambie! Ukimpambia atamaliza uji kwanza. Sema tena!"

Nyani akavuta pumzi. "Ukuta una ufa. Mkuu ameuona. Panda mwambani na watoto wote sasa hivi."

"Hilo hilo. Kimbia!"

Nyani akatupa magunia, akakimbia kama hajawahi kukimbia. Nyati akaja na mawe, gu! gu! gu! Huko magharibi pakasikika Kifaru akiguna, kisha kraaa! gogo likatoka, na maji ya lambo yakapata njia, yakaingia mferejini yakiimba.

Lakini ndani kabisa ya ufa palibaki tundu ambalo mkonga wa Tembo haukulifikia, wala pembe ya Nyati. Pimbi akabeba udongo wa kichuguu kifuani, akaingia. Ndani kulikuwa na giza na baridi, maji yanamchapa usoni. Akashindilia. Akatoka, akabeba tena. Akashindilia. Mara ishirini aliingia, mara ishirini alitoka, hata manyoya yake yakawa rangi moja na ukuta. Kila alipotoka, Tembo aliuliza kwa sauti ya chini, "Vipi huko?" na Pimbi alimjibu kama ilivyo: "Bado." "Bado, Mzee." "Unapungua." "Bado kidole kimoja."

Jua lilipoelekea magharibi akatoka mara ya mwisho, akaweka wayo wake kwenye jiwe jeusi. Akafumba macho. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Limenyamaza," alisema.

Tembo akautoa mgongo wake ukutani taratibu. Ukuta ukasimama. Chini, bonde lilikuwa kavu. Juu ya mwamba Mama Kanga alikuwa anahesabu vifaranga, "Kumi, kumi na mmoja, kumi na wawili," na alipofika mwisho alipiga vigelegele vilivyosikika hadi milimani.

Wafanyakazi wote walikusanyika. Kifaru alitazama chini. Nyati alitazama chini. Nyani alitazama vidole vyake.

"Msiwatazame hawa tu," alisema Tembo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ngiri aliniletea ukweli, nikambebesha mawe. Mimi ndiye niliyewafundisha kuniletea maneno matamu. Ngiri, nisamehe. Na wewe Pimbi, uliligonga sikio langu mara mbili, mara ya tatu ikabidi univute kwa tumbo."

Watu wakacheka, na Tembo akacheka nao.

"Mzee, hata mimi nina langu," alisema Pimbi. "Siku ya kwanza niliogopa, nikauita ufa jasho. Ningesema wazi siku ile, tungeuziba kwa konzi moja ya udongo."

Tembo akalivua taji lake la majani, akataka kumvika. Taji likamfunika Pimbi mzima, kikabaki kipua tu nje. Wabeba mawe wakapiga makofi, na ndani ya majani yale Pimbi alitabasamu peke yake, kifua kimejaa.

Kesho yake asubuhi alikuwa ukutani kama kawaida. Nyani akaja, pata, pata, pata, akasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Dada Pimbi, Mkuu ameniagiza, na nalitoa neno kama lilivyo: 'Habari za ukuta leo? Niambie baya kwanza.'"

"Mwambie: mashariki ni pakavu. Magharibi kuna jiwe moja limelegea, karibu na mfereji. Si la hatari leo, lakini lisifike Ijumaa bila kutengenezwa. Nyati alete udongo mzigo mmoja."

Nyani akalirudia lote, hakupunguza tone, hakuongeza chane. Pimbi akatikisa kichwa kukubali. Nyani akashika njia, kifua mbele, kwa mara ya kwanza akijivunia alichobeba. Pimbi naye akaendelea kuutembea ukuta wake, kichwa juu, nyayo zikisoma jiwe baada ya jiwe.

Hapa ndipo ninapoutua mzigo wangu, wanangu. Atakayeuchukua aufikishe mzima. Neno la kazi ni amana: liseme wazi, libebe kama ulivyopewa, na mkubwa asimwadhibu aliyelileta.